Uyoga Uliovuka Bahari

Bustani ya mchwa

Katika miamba ya bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, kuna vichuguu vilivyogeuka mawe. Watafiti waliovichunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016 walikuta ndani yake mabaki ya bustani za uyoga zenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Mkulima wa bustani hizo ni mchwa. Hutafuna miti na majani makavu, huyabeba tumboni hadi kichuguuni, na juu ya mavi yake hulima uyoga unaomlainishia chakula hicho kigumu. Binadamu hakuwepo duniani, na kilimo cha uyoga kilikuwa kimeshakomaa.

Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, bustani hutoa mazao yake nje. Uyoga huchomoza juu ya kichuguu au kando yake, shina lake likishuka ardhini mithili ya mzizi mpaka chumbani kwa mchwa. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki hakuna uyoga wa porini unaopendwa kuliko huu. Mfaransa Roger Heim aliupa jina la kitaalamu, Termitomyces, mwaka 1942. Mwaka 1980 wataalamu Pegler na Piearce wakaitambulisha kwa sayansi aina kubwa kuliko zote, ya Zambia, ambayo kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Wanavijiji wa huko, bila shaka, hawakuwa wakiisubiri sayansi ndipo wale.

Nimeanzia kichuguuni kwa sababu maalumu. Anayechuma uyoga wa mchwa hategemei macho peke yake, anategemea mahali. Akilifuata shina kwa kidole au kijiti na kuona linaelekea kichuguuni, wasiwasi umekwisha. Asipolifuata, yapo ya kumkuta, kwa maana upo uyoga mwingine mkubwa mweupe, Chlorophyllum molybdites, unaoota kwenye nyasi karibu na nyumba, ambao matamvua yaliyo chini ya kofia yake hugeuka kijani ukikomaa. Huo humtapisha na kumharisha mlaji ndani ya saa chache, kisha kwa kawaida humwacha hai. Habari ninayoisimulia hapa ni ya mwingine, usiowaacha walaji wake kirahisi hivyo, na ambao kwa maelfu ya miaka Afrika kusini mwa Sahara haikuujua.

Roma na Vienna, 54 hadi 1740

Uyoga huo, Amanita phalloides, Waingereza wameuita kofia ya mauti. Asili yake ni misitu ya Ulaya, hasa chini ya mialoni. Kofia yake ni ya kijani kilichofifia au manjano yenye kijani, matamvua yake ni meupe, shina limevaa pete, na chini kabisa, mara nyingi ndani ya udongo, pana mfuko mweupe ambamo uyoga ulichipukia. Waliounusurika husema ulikuwa mtamu.

Jamaa yake wa karibu ni Amanita caesarea, wenye kofia ya rangi ya chungwa, ambao wakubwa wa Roma waliuhesabu kuwa kitoweo cha heshima. Mfalme Claudius aliupenda mno uyoga. Wanahistoria wa Kirumi, Tacitus na Suetonius wakiwemo, wanasimulia kwamba mwezi Oktoba mwaka 54 alilishwa sahani ya uyoga iliyotiwa sumu, na kidole cha lawama kikamwelekea mkewe Agrippina, aliyetaka mwanawe Nero arithi kiti. Waandishi wa baadaye wamependa kusema kwamba sumu hiyo ilikuwa kofia ya mauti yenyewe. Mimi sishawishiki. Claudius, kwa masimulizi yaliyopo, alikufa usiku ule ule au kulipopambazuka, na uyoga huu hauna haraka hiyo.

Kifo kinachofanana zaidi na kazi yake kilitokea Vienna. Oktoba 1740 mtawala Karl wa Sita alikula sahani ya uyoga, akaugua, akalala kitandani takriban siku 10, akafa. Hakuacha mtoto wa kiume. Falme za jirani zikakataa kumtambua binti yake Maria Theresa, na vita vya urithi wa Austria vikawaka hadi 1748. Ni vigumu kukitaja kitoweo kingine kilichoigharimu Ulaya kiasi hicho.

Supu ya Paris, 1767

Wakati huo wataalamu wa mimea walikuwa tayari wameuona. Kitabu cha Mfaransa Sébastien Vaillant kuhusu mimea ya eneo la Paris, kilichotoka 1727 baada ya kifo chake, kiliueleza na kuutofautisha na mingine. Lakini elimu iliyomo kwenye kitabu cha wataalamu haifiki jikoni, na miaka 40 baadaye mji ule ule wa Paris ulilishuhudia hilo kwa uchungu.

Johann Schobert alikuwa mpiga kinanda na mtunzi mashuhuri katika nyumba ya mwanamfalme wa Conti. Mozart, aliyefika Paris akiwa mtoto, aliuhusudu muziki wake kiasi cha kutumia kipande chake katika mojawapo ya kazi zake za mwanzo. Mwezi Agosti 1767 Schobert alitoka na familia yake na marafiki kwenda Le Pré-Saint-Gervais, nje kidogo ya mji, wakachuma uyoga. Wakaupeleka kwa mpishi wa pale awapikie. Mpishi akautazama, akakataa, akasema una sumu. Wakahamia Bois de Boulogne, wakajaribu kwenye mkahawa mwingine. Napo wakakataliwa.

Katika kundi hilo alikuwemo daktari, rafiki wa nyumbani, naye akashikilia kwamba uyoga ule ni salama. Basi wakarudi nao nyumbani, wakaupika supu. Schobert akafa, mkewe akafa, watoto wao wakafa isipokuwa mmoja, na daktari naye akafa.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha ukaidi. Mimi nakiona kuwa mgongano wa elimu mbili. Wapishi wawili, ambao huenda hawakuwahi kufungua kitabu cha mimea, waliujua uyoga wa eneo lao kwa kuushika kila msimu. Daktari alikuwa na cheo. Mezani, cheo kikashinda, na hakuna aliyeuliza ni nani kati yao aliyewahi kuuchuma na kuula uyoga wa msitu ule.

Kijiko cha fedha na wafamasia, hadi 1884

Baada ya misiba ya namna hiyo watu walitaka jibu la mkato. Majibu ya mkato hayakukosekana, na karne ya 19 iliyapokea kwa mikono miwili: chemsha uyoga pamoja na kijiko cha fedha, kikigeuka cheusi una sumu, tia kitunguu saumu uone kama kitabadilika rangi, uliotafunwa na wadudu au konokono ni salama, ngozi ya kofia ikimenyeka kirahisi, kula. Kofia ya mauti inafaulu mitihani yote hii. Fedha haigeuki, konokono huutafuna bila kudhurika, na ngozi yake humenyeka vizuri tu. Kuuchemsha, kuukausha au kuugandisha hakuipunguzi sumu yake. Baadhi ya mitihani hii bado inasikika hata kwetu, hasa ule wa wadudu na wanyama, na ni mmoja wa uongo uliodumu kuliko vitabu vingi vya kweli.

Sayansi ilikuwa ikisonga polepole. Msweden Elias Fries aliuweka uyoga katika mpangilio wa kisayansi kuanzia 1821, na mwaka 1833 Mjerumani Link akalikamilisha jina la Amanita phalloides. Hatua iliyogusa maisha ya walaji ilikuja baadaye, nayo haikutoka katika vyuo vya Paris. Mwaka 1884, katika mji wa Épinal kwenye milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa, daktari wa kijijini Lucien Quélet na wenzake, mfamasia Émile Boudier akiwemo, waliunda chama cha wataalamu wa uyoga cha Ufaransa. Wakafanya matembezi ya kuchuma na maonyesho ambamo uyoga halisi ulipangwa mezani watu wauone. Somo la uyoga likawa sehemu ya mafunzo ya wafamasia, na desturi ikajengeka ya mtu kupitisha kikapu chake duka la dawa kabla ya kwenda nacho jikoni. Kwa kifupi, walimpa mpishi wa Le Pré-Saint-Gervais cheo ambacho hakuwa nacho mwaka 1767.

Maabara za Munich, 1937 hadi 1970

Hata hivyo hakuna aliyejua sumu yenyewe ni nini, wala kwa nini huchelewa. Mlaji hulala usingizi mzuri. Saa 6 hadi 24 baadaye hutapika na kuharisha sana, kisha hupata nafuu, wakati mwingine siku nzima au zaidi, na jamaa wakamshukuru Mungu. Wakati huo ini linakufa. Siku chache baadaye macho huwa ya manjano, damu haigandi, figo hulegea, na mgonjwa hupoteza fahamu. Nafuu hiyo ya katikati imewapeleka wengi nyumbani kutoka hospitali, wakarudi wakiwa wamechelewa.

Munich, katika maabara ya mkemia Heinrich Wieland aliyekuwa na Tuzo ya Nobel ya 1927, kazi ya kuitafuta sumu ilichukua miaka. Mwaka 1937 Feodor Lynen na Ulrich Wieland waliipata katika hali ya fuwele, wakaiita faloidini. (Lynen alioa binti wa Heinrich Wieland mwaka huo huo, na mwaka 1964 naye akapata Nobel, kwa kazi nyingine.) Lakini walikuwa wamemkamata mshukiwa asiye mwuaji. Faloidini ikidungwa kwenye damu ya mnyama humwua upesi, ila ikiliwa haipenyi utumbo kwa kiasi cha kudhuru. Mwuaji halisi, amanitini, alipatikana mwaka 1941.

Nini hasa amanitini hufanya mwilini kilifahamika kati ya 1966 na 1970, kwa kazi zilizoanzia Italia. Kila seli hunakili maelekezo ya vinasaba ili itengeneze protini zake, na amanitini hukishika kimeng'enya kinachofanya unakili huo kisisogee. Seli huendelea kwa akiba iliyonayo, kisha huishiwa. Ndiyo sababu ya kuchelewa, na ndiyo sababu ini, lenye kazi nyingi na linaloipokea sumu moja kwa moja kutoka utumboni, hutangulia kuanguka. Miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili inatosha kuua. Uyoga mmoja mkubwa unaweza kuwa na kiasi hicho kwa mtu mzima.

Tiba ilifuata kwa kubahatisha. Katika Vosges hizo hizo, daktari Pierre Bastien aliamini amepata dawa, na ili wenzake wamsikilize alikula kofia ya mauti hadharani zaidi ya mara moja, ya mwisho Geneva mwaka 1981. Alipona, ingawa dawa zake hazikudumu hospitalini. Zilizodumu ni maji mengi ya mishipani, silibinini inayotokana na mmea wa miiba wa Ulaya, na tangu miaka ya 1980 upandikizaji wa ini. Zamani zaidi ya nusu ya wagonjwa walikufa. Leo, katika hospitali zenye vifaa, hufa mmoja kati ya 10, au pengine wawili.

Miyombo na vitabu vyake, 1935 hadi 2003

Turudi Afrika. Kuanzia Katanga hadi Msumbiji, kupitia Zambia na Tanzania, umetanda msitu wa miyombo na mitundu, miti ambayo mizizi yake hushirikiana na uyoga wa ardhini kama mialoni ya Ulaya inavyofanya. Mvua zikianza, uyoga wa miyombo hujaa vikapuni: wa manjano, wa rangi ya machungwa, unaotoa maziwa ukikatwa. Wachumaji wakubwa ni wanawake na watoto, na elimu hupita kwa bibi na mama, mguu kwa mguu porini. Watoto wanaotega kitendawili cha nyumba yenye nguzo moja huwa wameshajua nguzo ipi haiguswi.

Wageni waliokuja kuandika elimu hiyo walichelewa. Mbelgiji Maurice Beeli alianza kuchapisha picha na maelezo ya uyoga wa Kongo mwaka 1935, akitegemea kwa sehemu kubwa michoro na mikusanyo ya Bi Goossens-Fontana aliyeishi huko. Pegler alitoa kitabu cha uyoga wa Afrika Mashariki mwaka 1977. Kwa Tanzania kazi iliyo karibu zaidi na jikoni ni ya Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walianza kwa kuwauliza wanavijiji wanakula nini, na kitabu chao cha uyoga wa Tanzania kikatoka 2003.

Mojawapo ya aina ambazo kundi la Härkönen liliziingiza katika sayansi mwaka 1994 inaitwa Amanita tanzanica. Huliwa. Amanita zambiana nayo huliwa, na Amanita loosii, wa jamii hiyo hiyo, huuzwa kando ya barabara kwa mafungu. Msomaji asilipite jina la Amanita haraka. Ni ukoo mmoja na kofia ya mauti, wenye matamvua meupe na mfuko chini ya shina. Mwalimu wa uyoga wa Ufaransa angemkataza mwanafunzi wake kuugusa uyoga wenye dalili hizo. Mama wa miyombo ameilisha familia yake uyoga huo vizazi na vizazi, na yuko sahihi. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja chini ya miti yake.

Mgeni chini ya misonobari

Hatari inakuja pale miti inapohama, au watu. Wakoloni walipoleta misonobari Afrika, miche mingi ilidumaa mpaka ulipoletwa udongo kutoka mashamba ya misonobari yaliyostawi, kwa kuwa ndani ya udongo huo mlikuwa na uyoga ambao mizizi iliuhitaji. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hakuja na uponyaji. Katika udongo na mizizi ya miche, kofia ya mauti ilisafiri kwenda Australia, Amerika Kusini, Afrika Kusini na Marekani. Huko California ilionekana tangu mwaka 1938 katika bustani za hoteli moja ya Monterey, na utafiti wa Anne Pringle na wenzake, uliochapishwa 2009, ulithibitisha kwa vinasaba kwamba ni mgeni kutoka Ulaya. Tanzania pia imo kwenye orodha: umerekodiwa katika mashamba ya misonobari.

Watu nao wamehama. Asia ya Mashariki kuna uyoga mtamu unaolimwa kwenye majani makavu ya mpunga, ambao ukiwa mchanga, bado ndani ya mfuko wake, haupambanuki kirahisi na kofia ya mauti. Wahamiaji kutoka Asia waliikuta kofia ya mauti California na Canberra, wakadhani wamekutana na chakula cha nyumbani. Chakula cha mkesha wa Mwaka Mpya wa 2012 huko Canberra kiliua watu wawili, na mmoja wao alikuwa mpishi kwa kazi yake. Mwaka 2015 wakimbizi wengi, hasa Wasyria, walilazwa hospitali za Ujerumani kwa kosa la aina hiyo hiyo, na mabango ya onyo yakachapishwa kwa Kiarabu na Kikurdi. Septemba 2021, ndugu wawili wa miaka 5 na 6, waliotolewa Kabul pamoja na wazazi wao siku chache kabla, walikufa Poland baada ya kula supu ya uyoga uliochumwa karibu na kituo cha wakimbizi. Mmoja alipandikizwa ini na bado hakupona.

Hao wote hawakuwa wajinga, na ninapinga habari za magazeti zinazowaeleza hivyo. Walikuwa na elimu kamili ya mahali pengine.

Kwa hiyo neno langu kwa anayechuma Mufindi, Njombe, au popote penye misonobari na mialoni ya kupandwa: uyoga uliofundishwa na bibi chini ya miyombo, uchume chini ya miyombo. Wenye mfuko chini ya shina ulioota chini ya mti wa kigeni, uache, hata kama umefanana na wa nyumbani. Usiukate shina juu ya udongo. Uchimbue wote uuone mguu wake. Ukiwa ugenini, usile usichoonyeshwa na mwenyeji anayekila. Na mtu akianza kutapika saa 6 au zaidi baada ya mlo wa uyoga, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo pamoja na mabaki ya uyoga au ya chakula, wala msimrudishe nyumbani kwa sababu tu kesho yake ameamka na nafuu.